Kila nilichokaza kiliharibika: miaka yangu mitatu na Phoenix ya mtumba

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Wiki iliyopita mwalimu mgeni aliyepangiwa shule yetu kanunua baiskeli, akaja kuniuliza fundi mzuri yuko wapi, nikaanza kumjibu na nikajikuta naongea mpaka chai imepoa. Sasa badala ya kurudia kwa kila mtu nimeona niandike, anayetaka asome, asiyetaka aendelee kuziba pancha kwa elfu moja moja kama nilivyokuwa mimi.

Kwetu ni Tukuyu, vilima na mvua, baiskeli tulikuwa tunaisukuma zaidi kuliko kuipanda. Mwaka 2021, mwezi wa saba, nikapangiwa shule huku wilaya ya Kishapu, mkoa wa Shinyanga. Nikapanga chumba Maganzo, pale kwenye lami ya kwenda Mwanza, ila shule yenyewe iko ndani huko kama kilomita 9 za vumbi. Bodaboda elfu 2 kwenda, elfu 2 kurudi, siku 22 za kazi hiyo ni 88,000 kwa mwezi, na mshahara wa mwalimu mnaujua. Mama mwenye nyumba akaniangalia wiki mbili navyohangaika akasema mwalimu, hapa kwetu watu wote wanatembea na baiskeli, wewe unawatajirisha hao vijana wa bodaboda kwa nini. Jumamosi yake tukaenda mnadani nikanunua Phoenix iliyotumika kwa 130,000, ile nyeusi kubwa ya matairi namba 28, breki za vyuma, keria nyuma ya kubebea hata gunia. Hesabu zangu kwenye karatasi zilisema mwezi mmoja na nusu hela imerudi. Karatasi haina miiba.

Kosa la kwanza nililifanya palepale mnadani. Niliangalia rangi, nikapiga kengele, nikakaa kwenye kiti nikaona kizuri, nikalipa. Baiskeli haiangaliwi hivyo. Leo nikienda kununua naanza kwa kuinua gurudumu juu, nalishika ringi kwa vidole naitikisa kushoto kulia, ikicheza kwenye habu, pale katikati panapopita ekseli, najua koni, zile nati za kubana gololi, zimelegea au zimeliwa. Alafu nalizungusha huku jicho liko kwenye raba ya breki, kama ringi inakaribia na kukimbia raba basi imepiga bendi, yaani imepinda. Naiangalia ile fremu pale chini mirija inapokutana, kama kuna mstari mwembamba chini ya rangi au rangi mpya imepakwa kipande kimoja tu, naachana nayo hata kama muuzaji ananiita dada mzuri. Usukani nauzungusha polepole, ukiwa unakwamakwama katikati kama una vituo, gololi za shingo zimechimba vikombe. Haya yote ni dakika tatu. Mimi zile dakika tatu nilizitumia kupiga kengele.

Basi miezi minne ya kwanza. Nilikuwa naandika matumizi kwenye daftari la maandalio kwa nyuma, kwa hiyo hizi sio za kukadiria: pancha 23 za elfu moja moja, tyubu mbili za 6,000, tairi la nyuma 18,000, spoki na ufundi 8,000, kotapini, ile pini ya kushikia mkono wa pedeli, mara mbili 6,000, na kitu fundi mmoja alichokiita sevisi, 10,000, ambacho mpaka leo sijui alifanya nini zaidi ya kuipangusa na oili. Jumla 77,000. Ni pungufu ya bodaboda ndio, ila hapo hujaweka siku nilizosukuma kilomita 5 juani nikaingia darasani kipindi cha pili nanuka jasho, na mwalimu mkuu anaangalia saa.

Kilichonifanya niamke ni pancha. Kulikuwa na kijana mmoja wa kando ya barabara namtumia yeye kila siku, mcheshi, mwepesi wa mkono, dakika kumi umemaliza. Sasa kuna wiki alinizibia gurudumu la nyuma Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Alhamisi jioni nikamwambia leo nitaziba mwenyewe, sikuwa najua, ila nilikuwa na hasira. Nikaitoa tyubu nikaitumbukiza kwenye karai la maji nyumbani, na nikaona viraka vinne vimebanana sehemu moja kama vijiji, vyote vipo umbali uleule kutoka kwenye valvu. Nikapima na rula, sentimita 40 hivi. Yani kitu kinachotoboa kilikuwa palepale kwenye tairi siku zote nne, na hakuna aliyekitafuta.

Nilipitisha kidole ndani ya tairi, hola. Nikapitisha tena, hola. Mama mwenye nyumba akanipa kipande cha kanga kuukuu akasema kidole kimezoea kuchomwa, kitambaa hakijazoea. Nikakizungusha kile kitambaa taratibu ndani ya tairi na kweli kikanasa. Ulikuwa mwiba wa mgunga, umekatikia kwenye mpira, kwa nje huoni kitu kabisa, kwa ndani umetokeza kama milimita mbili, mweusi, rangi ileile ya tairi. Tairi bila upepo unazama, ukijaza upepo ukapanda na kilo zako unatoka. Nikautoa kwa kibano cha nyusi. Niliuweka kwenye kiberiti na bado ninao.

Kwa hiyo pancha kwa wanaoanza. Kabla ya kutoa tyubu yote angalia maandishi ya tairi yako wapi ukilinganisha na valvu, au piga alama ya chaki, ili ukishapata tundu kwenye tyubu uweze kurudi kwenye tairi mahali palepale. Ukikuta tundu mbili pembeni kwa pembeni kama nyoka kauma, hiyo sio mwiba, umepanda upepo ukiwa mdogo ukagonga jiwe na ringi ikaibana tyubu, dawa yake ni pampu. Tundu likiwa upande wa ndani, upande wa ringi, ni kichwa cha spoki kimetokeza, kipige tupa, alafu kata utepe wa tyubu kuukuu uzungushe ringi yote ufunike vichwa. Msasa usione huruma, sugua mpaka ule mng'ao uondoke kabisa. Na solusheni, ile gundi ya viraka, hapa ndo nilipoharibu viraka vingi, solusheni usibandike ikiwa mbichi! Nilikuwa napaka nabandika hapohapo kama gundi ya karatasi. Paka nyembamba, subiri dakika tano, ikauke mpaka ukigusa kwa kucha haivuti nyuzi, ndo ubandike na ukandamize kwa nguvu. Ikibandikwa mbichi inakaa vizuri mpaka saa sita mchana, jua la huku likishawaka kiraka kinateleza chenyewe.

Na vijiko. Kila mtu anafungulia tairi kwa vijiko, hata mimi, ila wakati wa kurudisha usitumie kijiko, unaibana tyubu unaitoboa mwenyewe alafu unalaumu miiba. Rudisha kwa viganja, ukianzia upande wa mbali ukimalizia kwenye valvu, na tyubu iwe na upepo kidogo tu isijikunje. Ukishindwa ile sehemu ya mwisho ni kwa sababu ukingo wa tairi upande wa pili haujashuka kwenye mfereji wa katikati ya ringi, urudi kule uubonyeze, utaona huku unalegea.

Jambo la mwisho la upepo linaniuma mpaka leo. Moja ya zile tyubu za 6,000 nilinunua kwa sababu gurudumu lilikuwa linaisha upepo usiku, asubuhi nalikuta limelala. Hizi valvu za zamani zina kimpira chembamba ndani, kama mrija wa peni, ndicho kinachozuia upepo kurudi, na kwa joto la huku kinaoza. Kimpira hicho ni shilingi mia mbili. Mate tu juu ya valvu ukiona povu ujue ni hicho. Mimi nilibadilisha tyubu nzima, na kile kimpira kibovu nikakihamishia kwenye tyubu mpya.

Baada ya kufaulu pancha kichwa kikavimba. Nikaenda Shinyanga mjini kununua vifaa, nikanunua seti ya spana kwenye pochi, 12,000, zinang'aa kama vijiko vya harusi. Mwezi haukuisha zimepanuka midomo na zimeviringisha nati tatu za baiskeli yangu. Ningenunua spana mbili nzuri kwa hela ileile. Niliporudi dukani muuza duka akaniambia chukua moja tu inayobana saizi zote, nikamuuliza inaitwaje ili nikiiulizia pengine, akatabasamu akasema mwalimu, hiyo ni spana malaya. Kwa mara ya kwanza nikaelewa kwa nini wanafunzi wa darasa la saba hucheka nikimtuma mmoja aniletee spana. Ni nzuri ya dharura ila isikae peke yake, ikicheza kwenye nati inaila kona. Nunua na ya namba kamili ya nati za magurudumu yako, na nenda dukani na nati yenyewe mfukoni, maana ya mbele na ya nyuma mara nyingi hazilingani. Ongeza bisibisi, nyundo ndogo, pampu, tupa, brashi kuukuu ya mswaki. Mimi zote hizo ukiacha ile seti ya aibu hazikuzidi 35,000.

Sasa tuje kwenye pedeli.

Januari 2022, shule zimefunguliwa, pedeli ya kushoto ikaanza kulegea. Nikatoa spana nikaikaza, kwa mkono wa saa kama kila nati duniani. Ikalegea. Nikakaza zaidi. Siku ya tatu nikaona huu ni ujinga, nikachomeka bomba la maji kwenye spana liongeze urefu nikaning'inia na uzito wangu wote, nikasikia kitu kimesema krrrk, laini tu, nikafurahi nikajua sasa imeshika. Kesho yake nikiwa nusu ya njia pedeli ikabaki chini ya kiatu changu na baiskeli ikaendelea mbele. Nilianguka mbele ya watoto wangu wa darasa la tatu, nikaamka nikawaambia haya twendeni, kana kwamba ndivyo nilivyopanga.

Nilikuwa nimekula uzi wote wa mkono wa pedeli. Pedeli ya kushoto hukazwa kinyume, jamani. Ya kulia kwa mkono wa saa, ya kushoto kinyume cha saa. Kukumbuka ni rahisi: simama upande wowote, spana ikiwa juu ya pedeli isukume kuelekea gurudumu la mbele, hapo unakaza, pande zote mbili. Kuivuta kuelekea nyuma unalegeza. Somo hilo lilinigharimu mkono mpya wa pedeli, pedeli, kotapini na ufundi, 21,000.

Aliyenifungia huo mkono ni mzee mmoja anayekaa chini ya mwarobaini karibu na mashine ya kusaga. Nilikuwa nampita siku zote kwa sababu ni taratibu, unaacha baiskeli asubuhi unaipata jioni, na mimi nilitaka dakika kumi. Nikamwamkia shikamoo mzee, akaitikia marahaba, akaongeza salamu ya Kisukuma, mwangaluka mwalimu, akaichukua ile baiskeli na wala hakugusa spana. Akaipindua, akazungusha gurudumu la mbele, akainamisha kichwa. La nyuma, akainamisha kichwa. Akabonyeza cheni kwa kidole. Alafu akaniuliza, "Nani anaitengeneza hii?" Nikasema mimi. Akasema, "Umekaza sana, mwalimu."

Nikajua anasema pedeli. Kumbe anasema baiskeli nzima. Cheni ilikuwa kama waya wa gitaa, koni za mbele zimebanwa gurudumu linazunguka mara nne linasimama, nati ya kotapini nimeikaza mpaka nyuzi zimetoka, spoki za kulia nimezivuta zote. Kila nilipoona kitu kina kasoro nilikuwa na jibu moja. Na sio mimi tu, nimeshawaona wengi tukianza ufundi tunadhani kutengeneza ni kukaza, mtu anayelegeza kitu anaonekana kama anaharibu.

Nikamwomba anifundishe Jumamosi. Akacheka. Usukumani mwanamke kupanda baiskeli sio habari, utamkuta mama na ndoo na mtoto mgongoni na mwingine kwenye keria, ila kushika spana ndo watu wanageuka. Akasema njoo, ila miezi miwili ya kwanza kazi yako kuosha gololi kwa mafuta ya taa. Nikaleta kilo mbili za sukari, nikaosha gololi. Nilikaa pale chini ya mwarobaini Jumamosi nyingi, wazazi wa wanafunzi wakipita mashineni na ndoo za mahindi wananisalimia huku wananiangalia mikono.

Nieleze habu kidogo kwa sababu ndo kitu watu wanakiogopa na ndo kitu kimenipa raha kuliko vyote. Ndani ya habu kuna ekseli, koni mbili, na gololi zinazungukia kati ya koni na kikombe. Ya mbele gololi kumi kila upande, ndogo, ya nyuma tisa kila upande, kubwa zaidi. Nahesabu kwa sauti siku hizi, maana mara ya kwanza nilifungua ya nyuma mwenyewe nyumbani juu ya sakafu ya saruji, nikavuta ekseli, na gololi zikaenda zinakotaka. Nilipata kumi na saba, ya kumi na nane mama mwenye nyumba aliikuta mwezi wa tano ndani ya kiatu chake cha kanisani. Tandika kanga au gunia kwanza, tandika kabla hata ya kuinua baiskeli. Osha kila kitu, angalia koni kwenye mwanga, pale gololi zinapopita pakiwa na mstari laini unang'aa ni sawa, pakiwa na vishimo kama ndui itupe, nunua nyingine, usirudishe koni yenye ndui eti bado inazunguka. Gololi ukizibadilisha badilisha zote, mpya na kuukuu hazilingani unene, mzigo unabebwa na zile mpya peke yake. Jaza grisi kwenye kikombe, zipandikize gololi moja moja kwenye grisi zitakaa, rudisha ekseli.

Alafu kufunga. Koni unaikaza kwa vidole, sio spana, mpaka iguse, alafu unairudisha nyuma kidogo sana, kama robo ya robo. Unafunga nati ya juu kuifungia koni isitembee, na ile nati yenyewe ikikazwa inaisukuma koni ndani tena, ndo maana unaacha kile kijinafasi. Ukiona gurudumu linacheza kidogo kwenye vidole kabla ya kufunga nati, na baada ya kufunga halichezi, umepata. Mzee ana kipimo chake. Analiinua gurudumu, anaweka valvu juu kabisa kidogo pembeni, anaachia. Gurudumu linaanza kugeuka lenyewe kwa uzito wa ile valvu tu, pole pole, valvu inashuka, inapita chini, inapanda upande wa pili, inarudi, inapita tena, inatulia chini kabisa. Likikwama njiani unaanza upya. La kwanza nililofunga mimi lilikwama mara tano, na kila likikwama alikuwa anasema neno lilelile, legeza. La sita valvu ikashuka. Mzee akawasha sigara yake hakusema kitu.

Cheni nilikuwa naionea. Nimeipaka oili chafu ya pikipiki, nimeipaka hadi mafuta ya alizeti siku moja nilipokosa oili, na vumbi la huku likishakaa kwenye mafuta mengi unapata tope la kusagia chuma. Cheni inataka mafuta ndani ya vile vipini, nje inatakiwa iwe kavu. Isugue na mswaki na mafuta ya taa, iache ikauke, dondoshea oili tone moja kila kiungo, zungusha pedeli, alafu ipanguse kwa kitambaa mpaka uone kama umeyatoa yote. Hujayatoa. Legelege yake, bonyeza katikati kwa kidole ipande na kushuka kama sentimita moja na nusu, na fanya hivyo huku ukizungusha pedeli kwa sababu kuna sehemu cheni inabana na sehemu inalegea, pima palipobana. Kile kilipu cha kiungio, upande wake uliofungwa uelekee cheni inakokwenda, ukikigeuza kinajivua chenyewe.

Kujua kama cheni imechoka chukua rula yenye inchi, kila mwalimu anayo. Weka sifuri katikati ya kipini kimoja, hesabu vipini 24 baada ya hicho. Cheni mpya kile cha 24 kinaangukia inchi 12 kamili. Kikizidi robo ya nusu inchi, kama milimita tatu, itupe, maana imeshaanza kula meno, na cheni ni bei rahisi kuliko kubadilisha meno ya mbele na friwili, yale meno ya nyuma. Yangu ilikuwa imezidi hivyo mara mbili. Nilikuwa nimekaa nayo naikaza tu kila wiki.

Kotapini ni fupi: inaingizwa kwa nyundo, ukiwa umeegemeza upande wa chini na kipande cha mti kizito, na nati kazi yake ni kuilinda isitoke. Mimi nilikuwa naivuta kwa nati. Ndo ile 6,000.

Spoki sitawadanganya. Nimejaribu, najua nadharia yake, ringi ikivutika kulia unalegeza spoki za kulia pale na kukaza za kushoto, nusu mzunguko, sio zaidi, unazungusha unaangalia. Gurudumu langu la mbele lina spoki 32 na la nyuma 40 na kila ukigusa moja zinajibu nyingine tatu. Siku nilipofanya peke yangu nilianza na bendi ndogo ya milimita tano nikamaliza na chapati. Mzee aliiangalia muda mrefu akasema hii hata gari la ng'ombe haliwezi kufanya hivi. Alinitoza 5,000 na alistahili. Spoki moja iliyokatika naweka, bendi kubwa nampelekea yeye. Kuchomelea uma unaoshika gurudumu la mbele nampelekea mchomeleaji, na hata huyo namwambia bora uma mpya. Friwili sifungui, watu wanaofungua friwili wana muda wao.

Breki niseme kwa sababu ya ndama. Masika ya 2023, udongo wa mbuga umekuwa gundi, na yeyote aliyepita huku masika anajua ule udongo mweusi unavyojaza madigadi mpaka gurudumu linagoma, unatembea na kijiti unachokonoa kila baada ya mita mia. Nilikuwa nimebadilisha raba za breki jana yake, mpya kabisa, najisikia fundi. Kwenye mteremko wa daraja akatokea ndama. Nikabana, nikasikia raba ya mbele imechomoka na kuruka, baiskeli ikaongeza mwendo badala ya kupunguza. Nilimkosa ndama nikaingia mtaroni, nina kovu la goti, ndama alisimama ananiangalia tu. Vile vibati vinavyoshika raba vina upande mmoja uliofungwa na mmoja wazi, upande uliofungwa lazima utazame kule ringi inakoelekea, ili ukibana ringi iisukume raba kwenye ukuta. Mimi niligeuza, ringi ikaisukuma nje. Kwa hiyo ukishabadilisha breki yoyote, sukuma baiskeli kwa mkono ubane kwa nguvu zako zote, mara tano, kabla hujaikalia.

Gharama za sasa: mwaka jana mwaka mzima nimetumia 46,000, humo ndani kuna tairi moja na cheni. Ratiba yangu ni ndogo, Ijumaa jioni upepo na kuzungusha magurudumu nikisikiliza, kila baada ya wiki mbili cheni, habu mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na baada. Walimu wenzangu huniletea pancha nawazibia bure, ila kazi za habu na spoki nawapeleka kwa mzee hata kama naweza, maana yule ndo anakula hapo. Alinisimulia amejifunzia kwenye zile baiskeli za Swala zilizokuwa zinatengenezwa hapahapa nchini, na hana mtoto hata mmoja aliyetaka kukaa chini ya mwarobaini.

Kwa sasa kuna mlio sijaupata. Tik, mmoja tu, kila mguu wa kulia ukishuka, na unatokea nikipanda kile kilima cha kabla ya shule, kwenye tambarare haupo. Sio pedeli, nimebadilisha. Sio kotapini. Nimemwambia mzee nadhani kuna kitu kimelegea pale chini ya fremu nataka nikikaze, akaniambia nirudi nikausikilize wiki nyingine moja.